Kiunzi kinachoua saratani ya mfupa na kuotesha mfupa mpya: kwa nini kusini bado tunakatwa miguu?

#1 Mwana Kitangari
Wakuu, habari za jioni. Nina swali, naomba anayejua ajibu bila kuzunguka.

Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alianza kulalamikia goti tangu msimu wa korosho uliopita. Tukasema ni mpira. Sasa tuko naye Dar, kinyama kimepimwa, jibu ni saratani ya mfupa, chini ya paja, juu kidogo ya goti. Daktari ametuambia zitaanza dawa za dripu, kisha upasuaji, na tujiandae maana huenda mguu ukakatwa.

Katika kupekua mtandaoni nikakuta habari za kitu kinaitwa kiunzi. Wanatengeneza kipande chenye matundu matundu kwa madini kama ya mfupa, wanakipachika pale ulipotolewa uvimbe, kinaachia dawa kidogo kidogo na kumaliza chembe za saratani zilizobaki. Halafu mfupa mpya unaota humo ndani, chenyewe kinayeyuka. Madai yangu ni haya: kama kitu hicho kipo, basi watoto wetu wanakatwa miguu kwa sababu ya umaskini tu. Anayepinga aje.

#2 Chikongola Sokoni
Pole sana kaka. Natandika mkeka hapa, wajuvi waje.

#3 Nesi wa Zamu
Pole kaka, Mungu awatangulie. Nakupinga nusu, nusu nakuachia.

Viunzi vya kujaza tundu la mfupa vipo hospitalini duniani siku nyingi. Vipo vya kalsiamu fosfeti, vya haidroksiapatiti ambayo ndiyo madini yenyewe ya mfupa, na vya kioo maalumu. Madaktari wa meno wanavitumia, wa mifupa wanavitumia kwenye mivunjiko na kwenye uvimbe usio saratani. Hivyo haviui kitu. Vinajaza pengo na kuuongoza mfupa uote.

Hivi ulivyosoma wewe, vya kuua saratani na kuotesha mfupa kwa mpigo, karibu vyote viko maabara. Vimejaribiwa kwenye chembe zilizokuzwa ndani ya vyombo, kwenye panya, kwenye sungura. Hata Marekani na Japani, mtoto mwenye osteosakoma (saratani hii ya mfupa inayopenda vijana) leo hatibiwi kwa kiunzi hicho kama tiba ya kawaida. Kwa hiyo umaskini tuushtaki kwa mengi, lakini kwa hili si mshitakiwa pekee.

La pili ndilo zito. Osteosakoma inakimbilia mapafuni. Kabla ya miaka ya 1970 madaktari walikuwa wanaukata mguu mzima, na bado wagonjwa kama wanane kati ya kumi walikuja kufariki, kwa sababu siku mguu unakatwa punje zisizoonekana zilishafika kifuani. Kilichogeuza mambo ni dawa: sisplatini, doksorubisini, methotreksati. Kwenye nchi zenye huduma kamili, ambaye ugonjwa haujasambaa ana nafasi ya kupona ya asilimia 60 hadi 70. Kiunzi kinakaa pale pale gotini, hakiufuati ugonjwa kifuani. Nakusihi kaka, msiruke mzunguko hata mmoja wa dawa.

#4 Mzee wa Shangani
Mimi nauliza chanzo. Newala, Tandahimba, Masasi, kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua tunapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, na watoto wako humo humo shambani, wengine wanabeba mabomba mgongoni. Ile vumbi ya njano inakaa kifuani, inakaa kwenye maji ya kunywa. Halafu tunashangaa mifupa ya watoto inaoza? Enzi zetu hatukuyaona haya.

#5 Fundi wa Mikindani
Nimejaribu kukielewa hicho kiunzi kwa kazi yangu. Unapojenga nyumba ya udongo unasuka fito kwanza, unaacha nafasi, ndipo unakandika. Fito zikibanana mno udongo haupenyi, zikiachana mno haushiki. Basi kiunzi ndizo fito, na chembe za mwili ndio udongo. Nimekosea wapi?

#6 Kijana wa Ng'apa
Fundi, uko vizuri sana. Mimi ni wa Lindi, nasoma kemia ya malighafi hapa Dar, na mada hii ndiyo inanikosesha usingizi, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Kwenye fito zako niongeze mambo mawili. Nafasi zenyewe ni ndogo mno: watafiti wengi wanalenga matundu ya maikromita 100 hadi 500, yaani kuanzia unene wa unywele hadi nusu milimita. Na lazima yaunganike toka upande hadi upande, maana mishipa ya damu inatakiwa ipite. Bila damu chembe za katikati zinakufa. Pili, fito za nyumba zinabaki ukutani, za kiunzi zinatakiwa ziyeyuke kwa mwendo ule ule ambao mfupa unaota. Zikiwahi, jengo linaanguka. Zikichelewa, mfupa unakosa pa kukaa.

Sasa hilo la kuua saratani. Njia zinazoshindaniwa ni kadhaa. Kuna wanaonywesha kiunzi dawa, mfano doksorubisini, ili itoke taratibu pale pale kwa kipimo ambacho ukikipitisha mwili mzima kingeumiza moyo. Kuna wanaochanganya chembechembe za oksidi ya chuma, wanamweka mgonjwa (kwa sasa ni panya) kwenye uga wa sumaku unaogeuka geuka, kiunzi kinapata joto la nyuzi 42 hadi 46 hivi. Chembe za saratani zinavumilia joto hilo vibaya kuliko chembe nzima. Wengine wanatumia mwanga usioonekana wa karibu na infraredi kupasha joto kiunzi kilichopakwa kitu kinachoumeza mwanga huo, lakini mwanga wenyewe unaingia kwenye nyama kwa kina kidogo tu. Kwenye panya unafika. Paja la mtu ni habari nyingine.

Halafu kuna kioo. Mwaka 1967 profesa wa Marekani, Larry Hench, alikuwa kwenye basi akielekea mkutanoni, akakaa na kanali wa jeshi aliyemsimulia askari wa Vietnam wanavyokatwa viungo kwa sababu mwili unakataa vyuma na plastiki. Kanali akamuuliza kama anaweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa. Kufikia 1969 Hench akapata kioo cha silika, sodiamu, kalsiamu na fosforasi kinachoshikana na mfupa chenyewe. Mwaka 2024 wenzao wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, wakatangaza kwamba kioo cha aina hiyo kikichanganywa na galiamu, aina ya metali, kiliua asilimia 99 ya chembe za osteosakoma. Chembe za saratani zina njaa ya chuma, zinaibugia galiamu zikidhani ni chuma.

#7 Chikongola Sokoni
Yaani mazungumzo ya basini yamezaa mfupa. Sisi Mtwara hadi Dar tunajadili bei ya ufuta tu. Safari ijayo nakaa na kanali.

#8 Dada wa Rahaleo
Asante Kijana wa Ng'apa, umeeleza vizuri. Lakini 99 hiyo inanitia wasiwasi. Hiyo moja iliyobaki inakwenda wapi?

#9 Kijana wa Ng'apa
@Dada wa Rahaleo umeuliza penyewe. Hiyo 99 ni ndani ya chombo cha maabara, ambako hakuna damu inayosafisha, hakuna kinga ya mwili, na kioo kinagusa kila chembe. Uvimbe wa mtu ukibakiza chembe kidogo tu, zinaweza kuanza upya. Ndiyo maana lengo ni kisu cha daktari kitoe uvimbe wote pamoja na ukingo wa nyama nzima, kisha kiunzi kishughulikie kilichojificha. Kiunzi hakichukui nafasi ya kisu.

#10 Mwalimu wa Mangaka
Mimi sina mguu wa kushoto. Naandika kwa ajili ya mpwa wa mleta uzi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Maumivu yalikuja usiku, mchana yanapungua, nikawa nacheza. Uvimbe ulipotokea nilipelekwa kwa mtaalamu wa kuunga mifupa kijijini, akawa ananikanda kwa mafuta ya moto kila jioni. Ule mguu ulikua kama ndoo. Kituo cha kwanza tulichoenda wakatupa dawa za kutuliza tukarudi nyumbani. Nilipofika kwa wataalamu, uvimbe ulikuwa umeizunguka mishipa mikubwa ya damu nyuma ya goti, na daktari alimwambia mama yangu wazi kwamba mguu haukombolewi, mtoto anakombolewa.

Nilichukia. Kwa muda mrefu nilimchukia hata yule daktari. Leo nafundisha hisabati, nina watoto, shamba la korosho nalisimamia mwenyewe, mguu wa bandia nautembeza hadi mlimani. Huko hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980, na wanaofuzu hapo ndio wanaotuhudumia wengi wetu.

Mpwa wako akitaka kuongea na mtu aliyepita njia hiyo, niandikie faragha. Wakati wowote kaka, hata usiku wa manane.

#11 Mwana Kitangari
Mwalimu, nimesoma mara mbili mbili. Nakuandikia sasa hivi.

#12 Ndugu wa Nyangao
Mbona kaka yangu alikuwa na uvimbe kwenye goti hivyo hivyo, wakaukwangua, wakajaza saruji, na leo anapanda minazi? Hakupewa dripu hata moja. Nadhani madaktari wengine wanapenda kukata tu.

#13 Nesi wa Zamu
@Ndugu wa Nyangao hapana, hapo usimchanganye mleta uzi. Kwa maelezo yako huo unafanana na uvimbe wa chembe kubwa, unaopenda watu wa miaka 20 hadi 40 na mara nyingi si saratani ya kusambaa. Huo unakwanguliwa na kujazwa saruji ya mfupa kweli, na saruji ikiwa inaganda inatoa joto linalosaidia kuua mabaki. Osteosakoma haikwanguliwi. Ukiikwangua unaimwaga. Magonjwa mawili, goti moja.

Na tukiwa hapo hapo: si kila mtoto mwenye mfupa unaouma na kuvimba ana saratani. Kuna usaha ndani ya mfupa, na watoto wenye selimundu wanaupata sana. Kuna kifua kikuu cha mfupa. Kwa macho vinafanana, hata kwenye eksirei vinaweza kufanana. Ndiyo maana kinyama kinapimwa, na kichukuliwe na timu ile ile itakayofanya upasuaji, kwa sababu njia ya sindano nayo itatakiwa kuondolewa.

#14 Ndugu wa Nyangao
Sawa dada, hilo la sindano sikulijua.

#15 Mtu wa Rondo
Mzee wa Shangani, shikamoo. Salfa yako naipinga kwa ushahidi wa Lindi. Mijusi ya Tendaguru (dinosaria), ile Wajerumani waliyoichimba 1909 hadi 1913 wakaipeleka Berlin, ilikuwa na saratani ya mfupa. Miaka milioni 150 iliyopita. Nani alikuwa anapuliza mikorosho?

#16 Mzee wa Shangani
Marahaba. Kwa hiyo sasa Lindi mmekuwa wa kwanza hata kwa magonjwa.

#17 Kijana wa Ng'apa
Naipenda Lindi yangu lakini turekebishe. Mjusi aliyethibitishwa kuwa na osteosakoma ni wa Kanada, Alberta, mwenye pembe, aina ya Centrosaurus. Taarifa ilitoka 2020. Mfupa wake mwembamba wa pembeni ya muundi ulikuwa umekaa makumbusho miaka mingi ukidhaniwa ni mvunjiko uliopona vibaya. Huyo aliishi miaka kama milioni 76 iliyopita, si 150.

Wa Tendaguru ni Dysalotosaurus, mjusi mdogo, na 2011 watafiti waliripoti kwamba uti wake wa mgongo una ugonjwa unaofanana na wa Paget, yaani mfupa kujijenga ovyo na kuharibika umbo. Si saratani. Ila Mtu wa Rondo hujapotea mbali sana, kwa sababu binadamu mzee mwenye ugonjwa wa Paget yumo kwenye hatari kubwa kidogo ya kupata osteosakoma.

#18 Mtu wa Rondo
Nimekubali nusu ya mjusi.

#19 Mzee wa Shangani
Bado hamjajibu salfa. Mjusi kuugua hakumaanishi salfa ni salama. Nyumba inaweza kuungua kwa radi na pia kwa kibatari.

#20 Nesi wa Zamu
Mzee wangu, salfa inawasha macho na kubana kifua, na watoto kubebeshwa mabomba bila barakoa ni jambo nalipiga vita kila msimu. Lakini visababishi vya osteosakoma vinavyojulikana ni vingine: kuwahi kupigwa mionzi, hitilafu za kurithi kama ile ya jeni la TP53 au saratani ya jicho ya utotoni inayorithiwa, na ule ugonjwa wa Paget kwa wazee. Wengi hawana hata kimoja. Inatokea zaidi umri wa kurefuka, kwenye ncha zinazokua kwa kasi, juu na chini ya goti, na kwenye bega. Mfupa unaokua haraka unagawanya chembe haraka, na makosa yanaponyoka.

#21 Mzee wa Shangani
"Vinavyojulikana." Na ambavyo havijatafutwa huku kwetu? Nani amekuja Tandahimba kupima?

#22 Bibi wa Mnarani
Wanangu, na mimi niseme. Huyo Mwalimu wa Mangaka namwonea huruma, lakini msiwatie wote kwenye kapu moja. Waunga mifupa wametusaidia sana kabla ya hospitali. Mtu akianguka mkoroshoni akavunja mkono anafungwa vijiti na anapona, nimeona kwa macho yangu. Kosa ni kukanda kitu usichokijua. Mzee wetu mmoja wa zamani alikuwa akigusa mfupa, akikuta umevimba bila kuanguka, anakataa kuushika. Anasema peleka huko kwa wenye taa, yaani eksirei. Na mtu akisema mtoto karogwa, basi amrogoe huku mtoto yuko hospitalini.

#23 Dada wa Rahaleo
Shikamoo bibi. Huo wa mwisho nauchapisha niubandike ukutani.

#24 Msimbati Baharini
Nimechelewa, nilikuwa majini. Kuna mgeni mmoja wa mambo ya bahari aliwahi kutuambia matumbawe yanatumika kuunga mifupa Ulaya. Huku Mikindani nyumba za kale zote ni matumbawe, na chokaa tumechoma karne na karne. Je, ni kweli? Na je, mtu akisaga matumbawe akampa mgonjwa kwenye uji?

#25 Nesi wa Zamu
KWENYE UJI HAPANA. Tafadhali, yeyote anayesoma hapa, hapana. Kalsiamu ya kumeza haimalizi saratani, na mgonjwa wa dripu figo zake tayari zina kazi.

#26 Kijana wa Ng'apa
La kwanza ni kweli kabisa, tena ni kati ya vitu vilivyonivuta kwenye fani hii. Miaka ya 1970 watafiti waliona kwamba baadhi ya matumbawe yana matundu yaliyoungana karibu kama mfupa wa sponji ulivyo ndani. Shida ni kwamba tumbawe ni kalsiamu kaboneti, mfupa ni kalsiamu fosfeti iliyoshikwa na kolajeni, protini iliyo kama nyuzi. Wakalipika tumbawe kwenye maji yenye fosfeti kwa joto na shinikizo kubwa, kaboneti ikageuka haidroksiapatiti, matundu yakabaki vilevile. Bidhaa zake zimetumika kwa wagonjwa kujaza mapengo. Kwa hiyo kiunzi cha kwanza kizuri kilichorwa na bahari.

Lakini Msimbati, usikate tumbawe hata moja kwa ajili hiyo. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na tumbawe linakua pole pole mno. Kuna njia nzuri zaidi: ule mfupa mweupe wa dome, ndugu wa ngisi, unaoelea na kutupwa ufukweni. Nao ni kaboneti yenye vyumba vyumba, na maabara kadhaa duniani zimeugeuza haidroksiapatiti kwa njia ile ile. Maganda ya kamba na kaa nayo yanatoa kitosani, ambayo inachanganywa na madini ya mfupa kutengeneza kiunzi kisichokatika ovyo.

#27 Msimbati Baharini
Mifupa ya dome? Hiyo watoto wanachezea huku. Tukiifagia tunaitupa.

#28 Mwana Kitangari
Wakuu, leo nimekaa na daktari wa mpwa wangu kwa muda mrefu, nikamwekea maswali yenu yote mezani. Nayaleta kama alivyoyasema.

Kukata ni njia mojawapo, si ya lazima. Baada ya dawa za kwanza watapiga picha upya waone kama uvimbe umesinyaa na kama mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu iko huru. Ikiwa huru, kipande cha mfupa kinaweza kuondolewa mguu ukabaki. Pengo linajazwa kwa njia tofauti: goti la chuma cha titani, ghali, na mtoto anakua lakini chuma hakikui. Au mfupa wake mwembamba wa pembeni ya muundi unahamishiwa pajani. Au, na hii ilinishangaza, wapo wanaoutoa mfupa wenye saratani, wanauzamisha kwenye naitrojeni ya kimiminika ili chembe zote zife, wanaurudisha pale pale. Wajapani wameifanya sana. Mfupa wa mtu mwenyewe unakuwa kiunzi.

Nyingine anaita kugeuza mguu. Sehemu ya goti inaondolewa, muundi unapandishwa juu ukiwa umegeuzwa nyuzi 180, kisigino kinatazama mbele, na kifundo cha mguu kinafanya kazi ya goti ndani ya mguu wa bandia. Nilidhani ananitania. Akanionyesha picha za watoto wanakimbia.

Kuhusu kiunzi chenye dawa alisema anafuatilia majarida, na angetamani kuwa nacho. Hakukidharau.

Lakini wakuu, dai langu sijaliondoa. Titani ni hela. Naitrojeni ni mitambo. Picha ni hela. Kila mlango ninaougusa una bei.

#29 Kijana wa Ng'apa
Kaka, kwenye bei sikupingi. Ila hata pesa ingejaa chumba, kiunzi cha kuua saratani kingekwama kwenye mambo haya. Paja linabeba mwili mzima na zaidi unapokimbia, na keramiki yenye matundu ni dhaifu kama kigae. Pengo la saratani si sentimita moja, linaweza kuwa sentimita 15, na damu haifiki katikati. Dawa za dripu zinazookoa maisha zinachelewesha mfupa kuota. Na kuna protini za kuhimiza mfupa uote ambazo tungependa kuzitia kwenye kiunzi, lakini madaktari wanazikataza palipokuwa na saratani kwa hofu ya kuamsha mabaki. Unataka kuotesha na kuua mahali pamoja. Hapo ndipo sayansi inapohangaika.

#30 Ndugu wa Nyangao
Mimi bado naona ni kuchelewa. Kijana angekuja mwezi ule maumivu yalipoanza, mambo yote haya yangekuwa mepesi.

#31 Dada wa Rahaleo
Kuchelewa kwa nani lakini? 2024 mvua zilipokata barabara pale Somanga, sisi wa Lindi na Mtwara tulikuwa kisiwani. Mgonjwa wa dripu ya kila baada ya wiki tatu alifanyaje? Hapo umaskini, barabara na saratani ni kitu kimoja. Mleta uzi namuunga mkono.

#32 Nesi wa Zamu
Kwa watoto, matibabu ya saratani Muhimbili yanasaidiwa na shirika la Tumaini la Maisha, familia isikae nyumbani kwa kuogopa bei kabla ya kuuliza. Kaka, ulizia pia ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu malazi ya mzazi.

Na sababu nyingine ambayo haijatajwa: methotreksati ya kiwango kikubwa inahitaji maabara ya kupima dawa iliyomo kwenye damu mara kwa mara. Vituo vingi Afrika vinalazimika kutumia mbili tu, sisplatini na doksorubisini. Kwa maoni yangu fedha ya kwanza iende huko kabla ya viunzi.

#33 Kijana wa Ng'apa
Dada, hapo tutagombana kwa heshima. Tukisubiri mpaka kila kitu kiwe sawa ndipo tuanze utafiti, hatutaanza milele.

#34 Mwenyeji wa Tandahimba
Samahani kuingilia. Mama yangu alitibiwa saratani ya titi, sasa wanasema imeingia uti wa mgongo. Je, hiyo nayo ni saratani ya mfupa? Viunzi hivi vinamhusu?

#35 Nesi wa Zamu
Pole sana mdogo wangu. Hiyo ni saratani ya titi iliyohamia mfupani, matibabu yake yanafuata ya titi, pamoja na mionzi ya kupunguza maumivu na dawa za kuimarisha mfupa. Akipata ganzi miguuni au kushindwa kuzuia haja, ni dharura ya siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki.

#36 Kijana wa Ng'apa
Nyongeza kwa Mwenyeji wa Tandahimba. Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alieleza kwamba saratani ya titi haitui popote tu, ni mbegu inayotafuta udongo wake, na mfupa ni mmojawapo. (Mtu wa Rondo, ule ugonjwa wa mjusi wako ulielezwa na baba yake, James Paget, 1877.) Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wametumia wazo hilo: walipachika viunzi vidogo chini ya ngozi ya panya ili mbegu zinazozunguka zinase hapo kabla ya kufika kwenye viungo muhimu. Kwa panya zilinasa. Kwa mama yako bado si tiba, nisikudanganye.

#37 Mwenyeji wa Tandahimba
Asanteni. Ganzi ipo mguu mmoja tangu juzi. Natafuta gari sasa hivi.

#38 Nesi wa Zamu
Nenda. Mlaze chali kwenye kitu kigumu, asikae. Kwenye mapokezi taja "saratani ya titi, ganzi ya mguu" kabla ya jambo lingine lolote.

#39 Mzee wa Shangani
Mungu amfikishe salama. Kijana wa Ng'apa, wewe unayesoma: ukimaliza na viunzi vyako, njoo na vifaa upime salfa kwenye visima vya Tandahimba. Nitakupa pa kulala.

#40 Kijana wa Ng'apa
Mzee, nakuja. Nikikuta ni salfa nitaiandika, nikikuta si salfa nitaiandika vilevile.

#41 Msimbati Baharini
Na mimi nina gunia la mifupa ya dome, tumekusanya na watoto asubuhi hii. Nilipakie basi la kesho? Tuichemshe kwanza?

#42 Kijana wa Ng'apa
Kaka asante sana. Msiichemshe. Ioshwe kwa maji ya bomba chumvi itoke, ianikwe kivulini hadi ikauke kabisa, iliyovunjika iwekwe mfuko wake. Nauli ya mzigo nalipa mimi huku Mbagala.